DHIKI YA KAZINI NA DAWA ZAKE, ZA KWELI NA ZA UONGO

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji yaliyopita katika darasa letu, kwani tumeona faida yake haifai kubaki baina ya kuta nne. Usiku huo tulikuwa twaendelea na mlango wa biashara, na kitabu kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, ndipo mmoja katika wenzetu, kijana ambaye ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alipoomba ruhusa akauliza: "Je, mtu hupata dhambi kwa kuichukia kazi ambayo ndiyo inayowalisha watoto wake?"

Tulimuuliza ana maana gani. Akasema kwamba kila ifikapo Jumapili usiku usingizi humruka. Simu ikilia na jina la mkubwa wake likionekana, moyo humpiga kama mtu aliyekimbizwa. Na mkewe amekwisha kumwambia kwamba siku hizi arudipo nyumbani huwa amerudi mwili tu, roho ameiacha ofisini. Alipokwisha kusema hayo, wengine watatu wakakiri kwamba nao wana jambo hilo hilo: mmoja mwalimu wa shule, mmoja askari wa zamu za usiku, na mmoja mpokea wageni katika hoteli ya pwani ya kusini. Basi tulikifunga kitabu tukalizungumza swali hilo mpaka saa nne u nusu za usiku, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata.

Jawabu fupi ni kwamba hapana dhambi. Dini haikumlazimisha mtu aipende taabu. Imemtaka asidhulumu na asivunje amana. Mwenye kuichukia kazi yake na kisha akaitimiza kama alivyoahidi, ujira wake ni halali, na huenda thawabu zake zikawa nyingi kuliko za mwenzake anayeifanya kwa raha. Lakini jawabu fupi halimtoshi mtu asiyelala.

Wako watu, na khasa baadhi ya wazee wetu, ambao wakisikia maneno haya husema: hayo ni maradhi ya Kizungu, na mwenye imani hayampati. Twasema kwa adabu kwamba wamekosea. Nabii Yaqub alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na imani yake hapana awezaye kuipima, lakini Qur'ani yatueleza katika Suratu Yusuf kwamba huzuni ya kumpoteza mwanawe ilimpofusha macho. Ikiwa huzuni iliweza kuupata mwili wa Nabii, itakuwaje karani wa bandarini aambiwe kwamba moyo wake unampiga kwa uchache wa imani? Na Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyopokea Anas bin Malik, alikuwa akikithirisha dua ambayo ndani yake aliomba kukingwa na mambo manane. Tumeyatazama mambo hayo manane tukastaajabu, kwani yamepangwa mawili mawili, na kila jozi yaingia ofisini kama iliyoandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa leo.

Jozi ya kwanza ni hamm na hazan. Wanavyuoni wamezipambanua: hamm ni wasiwasi wa lijalo, na hazan ni huzuni ya lililopita. Karani wetu Jumapili usiku ana hamm ya Jumatatu. Na Jumatatu jioni ana hazan ya maneno aliyoambiwa mbele ya wenziwe. Jozi ya pili ni kutoweza na uvivu, na hivi viwili watu huvichanganya sana. Asiyeweza ni yule aliyepewa kazi ya watu watatu. Mvivu ni yule aliyepewa kazi ya mtu mmoja akaiacha. Mkubwa asiyejua kuvitenga viwili hivyo humwita kila aliyelemewa mvivu, na hapo huanza dhulma. Jozi ya tatu ni woga na ubakhili. Ama jozi ya nne ndiyo iliyotushika: kulemewa na deni, na kushindwa nguvu na watu. Maana mtu huvumilia matusi ya kazini aghlabu kwa kuwa ana deni, naye adeni yake yajulikana na wanaomdai, basi hawezi kusema la. Deni na kuonewa vimewekwa pamoja katika dua moja, na twaona havikuwekwa pamoja bure.

Wala Waislamu wa zamani hawakuyaacha mambo haya kwa dua peke yake. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalihul Abdan wal Anfus, na sehemu yake moja ni ya maslaha ya mwili, na nyingine ni ya maslaha ya nafsi. Alieleza humo ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja kwa mlango wake, na akafundisha kwamba kama vile mtu mwenye akili awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa, ndivyo apasikavyo kuweka fikra njema akiba siku ya raha, ili azikute siku ya dhiki. Kitabu hicho ni cha zaidi ya miaka elfu moja, na sisi twawaambia vijana wetu kwamba maradhi ya nafsi yaliletwa na meli!

Matabibu wa zama hizi nao wameeleza namna dhiki inavyoingia mwilini. Mwaka 1936 tabibu mmoja aliyekuwa Montreal, Hans Selye, alitangaza kwamba mwili ukikutana na shida, ya namna yoyote iwayo, hujibu kwa njia moja: kwanza hushtuka, kisha hupambana, na shida isipokwisha huchoka. Juu ya mafigo kuna tezi mbili ndogo ambazo humimina katika damu vitu vinavyoufanya moyo uende mbio, sukari iongezeke katika damu, na misuli ijiweke tayari. Hii ni rehema, kwani mtu aliyekutana na nyoka shambani hupata nguvu ya kuruka asiyoijua. Lakini karani hana pa kuruka. Yeye huketi juu ya kiti chake, na damu yake imejitayarisha kwa vita visivyokuja, leo, na kesho, na mwezi mzima, mpaka shindikizo la damu likapanda, tumbo likachafuka, usingizi ukakatika. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia liliandika katika orodha yake ya maradhi hali ya mtu kumalizwa na kazi, likasema si ugonjwa wenyewe bali ni hali itokanayo na dhiki ya kazini iliyodumu bila kutengenezwa, na alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kujitenga nayo, na kuona kwamba hufanyi tena jambo la maana. Karani wetu alizitaja zote tatu kwa maneno yake kabla hatujamsomea.

Sasa tutazame ni nani apatwaye zaidi. Watu hudhani kwamba mwenye dhiki kubwa ni mkubwa wa ofisi, kwa kuwa ana mengi kichwani. Huko London walianza mwaka 1967 kuwachunguza wanaume wapatao 18,000 waliokuwa wakiitumikia serikali, kutoka wakubwa wa idara mpaka matarishi. Wote walikuwa na kazi ya kudumu, wote walikuwa na mshahara wa mwezi. Ikaonekana kwamba wale wa daraja ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo mara tatu na zaidi kuliko wale wa daraja ya juu. Walipohesabu sigara, na shindikizo la damu, na unene, tofauti ilipungua lakini haikuondoka. Uchunguzi wa pili ulioanzwa mwaka 1985, wa watu zaidi ya 10,000, wanaume na wanawake, ukaonyesha kwamba moja katika sababu kubwa ni hii: mtu wa chini hana amri juu ya kazi yake. Haamui aanze na lipi, wala apumzike lini, wala amalize vipi. Mtaalamu wa Kimarekani, Robert Karasek, alikwisha kulisema jambo hili mwaka 1979, kwamba wingi wa kazi peke yake si sumu; sumu ni wingi wa kazi pamoja na kufungwa mikono.

Haya twayaona kwa macho yetu hapa Mombasa. Nahodha wa jahazi ana kazi nzito na khatari kubwa, lakini tanga ni lake, na usiku alala. Kijana wa kaunta ya benki ana kiti chenye foronya na upepo baridi juu ya kichwa, lakini safu ya watu iko mbele yake, kamera iko nyuma yake, na hesabu isipotimia jioni hukatwa mshahara wake. Na kuna dhiki nyingine isiyotokana na mkubwa yeyote, nayo ni khofu ya kwamba kazi yenyewe itaondoka. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, na mwaka 2019 ilipotolewa amri ya kwamba mizigo ipelekwe kwa reli mpaka Nairobi na kutolewa huko, ofisi nyingi za kutoa mizigo na magari mengi ya mizigo mjini petu zilikaa bure, na watu wakaandamana barabarani. Amri iligeuzwa Septemba 2022, lakini aliyekwisha kuona mwenziwe akifungasha meza yake hasahau upesi. Huenda hata sasa anaposhtuka simu ikilia, ni mwaka ule ndio unaolia.

Tumekwisha kuusema ugonjwa. Sasa tuseme dawa, na tuanze na zile za uongo, kwa kuwa ndizo zenye soko.

Dawa ya kwanza ya uongo ni ya mganga. Yule askari wa zamu alitupa ruhusa tulieleze jambo lake bila ya kumtaja. Mkubwa wake alikuwa akimpangia zamu za usiku mfululizo, naye akashauriwa kwenda kwa mtu ambaye angemlainisha mkubwa huyo. Alipewa kombe la kunywa siku saba na hirizi ya kuvaa kiunoni, akatoa shilingi 12,000, na nusu yake alikopa. Mkubwa hakulainika. Lakini baya zaidi ni kwamba mganga alimwambia kuwa aliyemharibia ni mwenziwe wa kazi, mtu mnene, mweupe kidogo. Wafanyakazi wanene weupe kidogo hawakosekani mahali popote! Basi ndugu yetu akamsusa rafiki yake wa miaka sita, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akimbadilishia zamu mtoto wake anapougua. Alikwenda kununua nafuu akarudi na deni jipya na bila ya rafiki. Tumeyasema mambo ya hirizi mara nyingi kwa upande wa tauhidi, na hatutarudia leo. Leo twasema tu kwamba hata asiyejali akhera yake na aitazame hesabu hii.

Ya pili ni miraa na muguka. Mtu aliyekesha kwa wasiwasi huamka amechoka, akatafuna ili aende, kisha jioni asilale kwa alichotafuna, na kesho akatafuna zaidi. Jani hilo halimpi mtu nguvu. Humkopesha nguvu za kesho, na riba yake ni usingizi. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti yetu ilipiga marufuku muguka kuingia Mombasa, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na watu wakagawanyika katika mabaraza. Sisi hatuingii katika siasa yake. Twauliza tu kwa nini mzigo wa jioni wauzwa zaidi kwa waliotoka kazini kuliko kwa waliokosa kazi. Twadhani wasomaji wetu wanaoketi karibu na vibanda hivyo wamekwisha kuliona hilo.

Kamari za katika simu ni ndugu yake, nasi twazipita upesi, maana hukumu yake yajulikana na hasara yake yajulikana zaidi.

Ya tatu haiuzwi, nayo ndiyo mbaya. Ni mtu kuichukua dhiki ya ofisini akaitua nyumbani. Mkubwa amempigia kelele asubuhi, akanyamaza, kwa kuwa kule kuna mshahara. Saa moja ya usiku chai imechelewa kidogo, na kelele ile ile, kwa sauti ile ile, yamwangukia mkewe na watoto, kwa kuwa hawa hawana pa kumshtakia. Tusijidanganye kwamba ni ghadhabu ya nyumbani. Ni deni la mtu mwingine, nasi twamlipisha asiyehusika. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake mpaka ufikapo wakati wa sala. Naye alikuwa na kazi ya umma mzima juu ya mabega yake.

Ama dawa za kweli hazina maajabu, na huenda ndiyo sababu watu hawazitaki.

Usingizi ni wa kwanza. Katika Suratun Naba usiku umetajwa kuwa vazi, na usingizi kuwa mapumziko, na mchana kuwa wa kutafutia maisha, na sisi tumeugeuza usiku kuwa mchana wa pili kwa simu. Tuliwashauri wenzetu waiweke simu ukumbini baada ya sala ya Isha, si chumbani. Karani akasema mkubwa wake hutuma maagizo saa tano za usiku. Tukamuuliza: je, mzigo hutoka bandarini kabla ya saa mbili za asubuhi kwa wewe kuyasoma maagizo hayo saa tano za usiku? Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka usiku huo. Wafaransa wamelitungia sheria jambo hili tangu Januari 2017, kwamba makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yazungumze na watu wao juu ya haki ya kutoandamwa kwa simu baada ya saa za kazi. Kwetu hakuhitajiwi kungoja Bunge kwa mtu kuiacha simu ukumbini.

Sala nayo, twaitaja kwa upande ambao hautajwi sana. Adhuhuri na Alasiri huangukia ndani ya saa za kazi, na watu huziona kuwa ni kazi mbili juu ya kazi. Kwa hakika ni milango miwili. Mtu huinuka kitini, hutembea, huutia maji uso na mikono na miguu, huziacha karatasi, na kwa dakika kumi huwa hana mkubwa ila Mmoja. Mtume alifunza kwamba mwenye ghadhabu akiwa amesimama aketi, na katika riwaya nyingine kwamba atawadhe. Basi aliyetukanwa saa sita ana dawa saa sita u nusu. Lakini twasema na la upande wa pili, ingawa halitapendeza: dakika kumi ni dakika kumi. Wako wenzetu ambao sala yao ya Adhuhuri ofisini huchukua saa nzima pamoja na chai na mazungumzo ya mlangoni, na kazi yao hufanywa na wenzao wasiosali, kisha wakinyimwa ruhusa ya Ijumaa husema wanaonewa dini yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yalinda uhuru wa ibada, na mwenye kuzuiwa bila ya sababu ana haki ya kudai. Ila haki hiyo ina nguvu mdomoni mwa mtu ambaye mkubwa wake anajua kwamba hurudi mezani kwa wakati. Na Suratul Jumua yenyewe, baada ya kuamrisha biashara iachwe, imeamrisha sala ikisha watu watawanyike watafute riziki.

Kisha kuna mazungumzo. Zamani, mtu akitoka kazini alipitia barazani. Pale palikuwa na mzee aliyekwisha kutumikia wakubwa watano wabaya kuliko wake, na kahawa chungu, na mzaha, na mtu akienda zake nusu ya mzigo alikuwa ameuacha pale bila ya kujua. Au alikwenda na watoto Laitihausi kupunga upepo na kula mihogo. Siku hizi baraza zipo, lakini kila mmoja amekiinamia kioo chake, na wanne walioketi pamoja wako katika miji minne. Twawaomba wenye baraza wazirudishe. Na ambaye dhiki imemfikisha pa kutolala majuma kadhaa, au kutaka kujidhuru, baraza haimtoshi. Huyo aende hospitali amwone daktari, wala asione haya, kwa kuwa Mtume ameamrisha tujitibu.

Tunakuja sasa kwenye jambo alilolifanya karani, nalo twalieleza kwa urefu kwa sababu ni lake na limefaa. Tulimshauri kwa majuma mawili aandike katika daftari kila kazi aliyopewa, saa aliyopewa, na aliyempa. Alipolileta daftari darasani tuliona jambo ambalo hata yeye hakuwa amelitambua: walikuwa watu watatu wanaomwamrisha, kila mmoja akitaka lake liwe la kwanza, na hakuna mmoja katika hao ajuaye maagizo ya wawili wengine. Hapo ndipo penye kufungwa mikono tulikokutaja. Basi tukamwambia usiende kwa mkubwa kusema umechoka, maana atakwambia kila mtu amechoka. Nenda na daftari, umuulize, katika haya matatu ya leo, nianze na lipi? Siku ya kwanza mkubwa alikasirika. Juma la pili aliliomba daftari mwenyewe, akaagiza kwamba maagizo yote yapite kwa mtu mmoja. Ujumbe wa saa tano za usiku bado waja. Lakini sasa karani ausoma asubuhi.

Na mtu anapokwenda kuzungumza na mkubwa wake, ni vyema ajue sheria imempa nini, kwani khofu nyingi ni ya kutojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili baada ya kila miezi 12. Na akiwa amekwisha kutumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu ya mshahara katika mwaka. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa ni wa mwezi, hata akiendelea kuitwa kibarua. Na kabla ya kufukuzwa kwa kosa la utovu wa adabu au la uzembe, kifungu cha 41 chataka aelezwe sababu kwa lugha aifahamuo, na asikilizwe, na awe pamoja na mfanyakazi mwenziwe amtakaye au mjumbe wa chama. Kwa hivyo asiende peke yake. Wazee wetu wa bandarini wa Januari 1947 na wa mwaka 1955 hawakuipata nyongeza ya ujira kwa kila mmoja kunung'unika kivyake chini ya winchi.

Lakini twaogopa kwamba tukiishia hapa, waajiri katika wasomaji wetu watalikunja gazeti hili na kusema, maneno haya ni ya Serikali na makampuni. Basi tusome Suratul Qasas, aya ya 26 mpaka ya 28. Nabii Musa alifika Madyan mkimbizi, hana kitu, na mzee wa Madyan, ambaye wengi katika wafasiri husema ni Nabii Shuaib, akamwajiri. Tazameni mapatano yao. Muda ulitajwa: miaka minane. Ziada ilitajwa, na ikatajwa kuwa ni kwa hiari ya Musa: akitimiza kumi, ni kwa wema wake. Kisha mwajiri mwenyewe, kabla hajaombwa, akasema kwamba hataki kumtaabisha. Na Musa naye akajiwekea haki yake, kwamba muda wowote katika miwili hiyo atakaoumaliza asidhulumiwe. Mapatano haya yalifanywa baina ya mwenye mifugo na mtu ambaye angekubali lolote, kwa njaa aliyokuwa nayo. Yuko wapi tajiri wetu wa duka au wa gereji ambaye kijana akija na njaa humtajia muda, na ujira, na mpaka wa kazi, kisha akamwambia sitaki kukutaabisha?

Tuna maduka ya Waislamu mjini humu ambayo mfanyakazi hufungua saa mbili za asubuhi na kufunga saa tatu za usiku, hana likizo, na ujira wake wa mwezi hulipwa kwa vipande vipande kama sadaka. Mwenye duka husimama safu ya mbele. Mtume ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla ya jasho lake kukauka, na sheria ya nchi nayo yasema kibarua alipwe mwisho wa siku na wa mwezi mwisho wa mwezi. Basi huyu amezikosa zote mbili.

Na kuna mwajiriwa mmoja ambaye hakutajwa na yeyote usiku ule mpaka mzungumzo ulipokuwa ukimalizika, na aliyemtaja alikuwa mwalimu. Ni yule msichana wa kazi aliye nyumbani kwetu. Huamka kabla ya alfajiri na hulala baada ya watu wote. Hana saa ya kutoka, kwa kuwa kazini na nyumbani kwake ni pamoja. Ana wakubwa zaidi ya watatu, na hata mtoto wa miaka saba humwamrisha. Ikiwa alichosema Karasek ni kweli, basi katika mji huu hakuna aliyefungwa mikono kuliko yeye. Sheria ile ile ya 2007, pamoja na siku yake moja katika saba na siku zake 21, yamhusu yeye pia. Na Mtume amefundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa, tusiwakalifishe yanayowashinda, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Kwa muda kidogo hakuna aliyesema neno, kwani sote tuliokuwepo, hata karani, tuliacha mtu jikoni akitungoja kuja kula ili apate kuosha vyombo.

Karani alikuwa wa kwanza kusimama akaaga. Juma lililofuata alitwambia kwamba msichana wao sasa ana Jumapili yake, na kwamba Jumapili hizo yeye huosha vyombo, na mkewe humcheka.

Maswali mengine mawili yaliyoletwa kwa maandishi, la mkopo wa benki kwa mwenye mshahara mdogo na la kazi ya hoteli inayouza pombe, yanataka darasa zake peke yake. Juma lijalo, inshaallah, tutarejea katika mlango wa biashara pale tulipokifunga kitabu.